Kabla ya kuangalia sura ya kigae, kigeuze uangalie mgongo

Mleta mada ameuliza mambo mawili. La kwanza, kama anaweza kuweka kigae cha aina moja tu, cha sentimita 60 kwa 60 kinachong'aa, nyumba nzima, sebuleni, jikoni, bafuni mpaka barazani. La pili, kwa nini vigae vya jikoni alivyonavyo sasa vimepauka na grauti (saruji inayojaza nafasi kati ya vigae) inatoka unga tangu aanze kuvisafisha kwa asidi ya choo. Yote mawili yanategemea kigae kimetengenezwa kwa nini, na jambo hilo huwezi kulijua kwa kutazama uso wake dukani.

Kigeuze. Dondoshea matone machache ya maji mgongoni, subiri dakika mbili. Maji yakizama na kuacha doa la unyevu, hiyo ni seramiki laini ya ukutani. Yakibaki juu kama yalivyodondoka, una poseleni mkononi. Viwandani hupimwa kwa asilimia: poseleni hainywi maji zaidi ya 0.5% ya uzito wake, seramiki ya ukutani hunywa zaidi ya 10%, na nyingine ziko katikati. Kwenye boksi tafuta alama BIa kwa poseleni, BIII kwa vigae vya ukutani. Cha BIII kisiwekwe sakafuni hata kama muuzaji anaapa. Kikiangukiwa na sufuria kinapasuka.

Kwa hiyo poseleni nyumba nzima, sawa. Kinachong'aa nyumba nzima, hapana. Bafuni na barazani kigae cha kung'aa kikilowa kinateleza, na huyo anayeteleza mara nyingi ni mtoto au mzee. Angalia alama ya R kwenye boksi, inayoanzia R9 (mshiko mdogo) hadi R13. Sebuleni na vyumbani R9 inatosha, jikoni na bafuni chukua R10, barazani panaponyeshewa R11. Sehemu ya kuogea yenyewe iwe na herufi B kwenye kipimo cha miguu pekupeku. Viwanda vingi hutoa rangi ileile kwa uso wa kung'aa na uso usiong'aa, hivyo nyumba inabaki na mwonekano mmoja bila hatari. Sakafu ya bafu tumia vigae vidogo, maana mwinamo wa sentimita 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la maji haukubaliani na kigae kikubwa bila kukikatakata. Na tafadhali, dawa ya kuzuia maji ipakwe chini kabla ya vigae. Grauti na vigae peke yake havizuii maji kupenya.

Kwa vigae vyenye tabaka la kioo juu kuna kipimo kingine, PEI, kuanzia 0 hadi 5, kinachoonyesha uso unastahimili msuguano kiasi gani. Chumbani 2 au 3, jikoni na mlangoni 4. Mchanga unaoletwa na viatu ni mgumu kuliko kioo hicho, ndiyo maana zulia la mlangoni linalinda vigae kuliko sabuni yoyote.

Kununua: pima eneo, ongeza 10% ya vipande vitakavyokatwa, au 15% ukilaza kimshazari. Boksi la 60 kwa 60 lenye vigae 4 ni mita za mraba 1.44. Chumba cha mita za mraba 20 kinahitaji mita za mraba 22, ambazo ni maboksi 16, si 15. Soma namba ya rangi na namba ya saizi kwenye kila boksi, zote zifanane. Vigae vya jina moja vilivyochomwa siku tofauti hupishana rangi kidogo, na sakafuni kidogo hicho kinaonekana kila taa ikiwashwa.

Sasa kwenye kulaza, ambako ndiko vigae vizuri vinakoharibiwa. Mazoea ya kuloweka vigae kwenye ndoo kisha kuvibandika kwa uji wa saruji yalifaa kwa seramiki, kwa sababu uji uliingia kwenye vinyweleo vyake na kushika. Poseleni haina vinyweleo vya kutosha kushikwa. Saruji inakauka pembeni yake bila kuingia, na baadaye vigae vinanyanyuka safu nzima. Tumia gundi ya vigae ya daraja C2 (yenye mshiko ulioongezwa), na nje au juu ya sakafu inayopata joto chukua yenye S1, ambayo inanyumbuka kidogo.

Fundi apake gundi sakafuni kwa mwiko wenye meno ya milimita 10, mistari yote ielekee upande mmoja isizungushwe, kisha apake tabaka jembamba mgongoni mwa kigae. Akibonyeza na kukisogeza kukatiza mistari, hewa inatoka. Mwambie abandue kigae kimoja katika vya mwanzo ukiwepo: gundi iwe imeshika angalau 80% ya mgongo, bafuni na nje 95%. Ukiona mafungu manne kwenye pembe na moja katikati, simamisha kazi hapohapo. Kigae cha namna hiyo kinalia utupu ukikigonga, na mguu wa kabati ukikaa juu ya utupu huo kinapasuka.

Acha milimita 3 kati ya vigae, visigusane hata vikiwa vimekatwa kingo kiwandani. Pembeni mwa kuta zote acha milimita 6 zisizojazwa grauti, skatini (ukanda wa vigae au mbao chini ya ukuta) itaziba. Nafasi hiyo ndiyo inayopokea sakafu ikitanuka kwa joto. Grauti subiri saa 24 au kadiri mfuko wa gundi unavyosema. Kwenye kona za bafu na ukingo wa sinki weka silikoni, kwa sababu grauti hapo lazima ipasuke.

Kuhusu marumaru, kama utaitaka: ni jiwe la chokaa, na asidi inalila. Tone la ndimu linaacha alama nyeupe ambayo si uchafu, ni uso wenyewe uliotafunwa, hivyo kusugua hakusaidii. Mpaka ing'arishwe upya. Vigae vya saruji vyenye maua ni hivyohivyo, na hivi vipakwe dawa ya kuziba vinyweleo kabla hata ya grauti, la sivyo rangi ya grauti inazama ndani. Doa la mafuta kwenye marumaru: changanya soda ya kuokea na maji iwe nzito, paka unene wa nusu sentimita, funika kwa nailoni saa 24, ondoa, rudia.

Usafi wa kila siku ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Fagia, kisha piga deki kwa maji ya uvuguvugu yenye kijiko kimoja cha sabuni ya vyombo kwa lita 5. Sabuni ikizidi inaacha utando unaonasa vumbi, mtu anaongeza sabuni, utando unaongezeka. Badilisha maji yakichafuka. Dawa ya klorini usiichanganye kamwe na asidi ya choo; inatoa gesi ya sumu.

Tukija kwenye jiko lako. Grauti ni saruji, na asidi imeiyeyusha, hakuna fumbo hapo. Kwa vigae vyenyewe, fanya jaribio: chagua kimoja, kisugue kwa dawa ya kuondoa mafuta isiyo na asidi, suuza vizuri, futa kwa kitambaa kisafi, kikauke. Kikibaki kinang'aa, ulikuwa na utando tu. Fanya sakafu nzima hivyohivyo. Kiking'aa kikiwa kibichi na kupauka kikikauka, kioo kimeliwa, na hicho hakirudi kwa dawa yoyote.

Grauti inarekebishika. Ikwangue mpaka kina cha nusu ya unene wa kigae, nyonya vumbi lote, lowesha mistari kwa sifongo bila kuacha maji yametuama. Jaza kwa mwiko wa mpira ukiuvuta kimshazari. Grauti ikianza kukaza, futa kwa sifongo iliyokamuliwa kabisa, maana maji mengi hapa ndiyo yanayoifanya iwe dhaifu na yenye mabaka. Jikoni, ukiweza gharama, weka grauti ya epoksi: hainywi mafuta. Ila inakaza haraka, kwa hiyo changanya kidogokidogo na ufute kila eneo kabla ya kusogea, kwani ikishakauka juu ya kigae kuitoa ni shida.