Grand Canyon Januari: Usijifanye Umezoea Baridi

Juzi dada mmoja wa Dallas kaniandikia kuhusu Grand Canyon, lile korongo kubwa la Arizona, Marekani: "Kaka, tunakwenda Grand Canyon Januari na watoto. Pale si jangwani? Makoti ya nini?" Nikacheka, kisha nyonga ikanikumbusha. Swali hilo hilo nililiuliza mimi, miaka mitatu nyuma, tena mbele ya shemeji yangu.

Mimi ni mtoto wa Kibosho. Nimekua naiona theluji ya Kilimanjaro kila asubuhi, basi nikadhani nimeshaizoea. Kuiona! Tulitoka Phoenix, mji mkuu wa Arizona, watu wamevaa fulana. Shemeji alikuwa na jozi mbili za vile vyuma vyenye meno, mfano wa njumu za mpira, ambavyo unavivuta juu ya kiatu viume barafu. Akanipa moja. Nikamwambia, "Shemeji, sisi Wachaga hatuvalishwi minyororo."

Hesabu niliyoikosa ni ndogo. Phoenix iko kama mita 330 tu kutoka usawa wa bahari. Ukingo wa kusini wa korongo uko zaidi ya mita 2,000. Ni jangwa, lakini liko juu. Tuliposhuka garini theluji imelala kwenye misonobari, chini yake miamba myekundu inashuka mpaka macho yanachoka. Niliduwaa, nasema kweli.

Tukashika njia ya Bright Angel, ile ya miguu inayoshuka korongoni. Sehemu ya juu hupata jua kidogo sana majira ya baridi, kwa hiyo theluji ikishakanyagwa inaganda na kuwa kioo. Sikufika hata handaki la kwanza. Nikakaa bila kukaribishwa, nikateleza kwa makalio hadi mwamba uliponipokea. Nyumbu wakapita pembeni (si wale wa Serengeti, hawa wa kubeba mizigo), wametulia kabisa. Shemeji? Anarekodi. Video bado iko kwenye kundi la familia, na kila Krismasi kuna mtu anaifufua.

Kwa hiyo, ndugu zangu, nunueni njumu zile. Hata dukani ndani ya hifadhi zinauzwa. Bebeni maji, maana mabomba mengi ya njiani hufungwa msimu huo. Kushuka ni rahisi, kupanda kunakula muda mara mbili, na Januari jua linazama kabla ya saa kumi na mbili jioni. Ukingo wa kaskazini usahauni, barabara yake imefungwa. Faida moja: Desemba hadi Februari unaruhusiwa kupita Hermit Road, barabara ya ukingo wa kusini, kwa gari lako, badala ya kungoja basi la hifadhi.

Na njumu, nimesema? Narudia, kwa sababu sisi wa ughaibuni tuna ugonjwa wa kutaka tuonekane hatuhitaji msaada. Mtu anatetemeka huku anasema "hii si kitu". Acheni.

Dada wa Dallas, watoto wavalishe soksi za sufu. Na kama kuna shemeji safarini, simu yake ibaki garini.