London ipi? Barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Ugonile. Meseji yako niliisoma juzi usiku nikasema nitakupigia, alafu nikaona nikipiga tutaishia kwenye mgongo wa baba yako na bei ya mbolea, bora niandike. Umeniuliza hivi mama kwa nini mawakili wa dunia nzima, watu wana kazi zao na ofisi zao, wanaacha wanaenda kukaa darasani mwaka mzima kusoma LLM, yaani masta ya sheria, na je nikienda London nitakuwa nafuata mkumbo au kweli kuna kitu. Na ukanitumia ile ofa ya chuo. Ada yao nimeigeuza shilingi kwenye simu, nikadhani nimekosea sifuri, nikarudia.

Sasa mimi nilikuwa karani wa mahakama, wakili ni wewe, lakini unanijua sipendi kujibu kitu bila kuuliza. Krismasi nilimkalisha kaka yako wa ukoo, wa Iringa, yule aliyesoma Dundee kule Scotland, nikamchimba mpaka pilau ikapoa mama yake akanuna. Anasema darasani kwao kulikuwa na watu wa kila namna. Mjapani yeye ofisi yake ndo imemlipia, kule kwao kampuni kubwa za mawakili mtu akishafanya kazi miaka kadhaa anapelekwa nje asome halafu arudi, ni sehemu ya kupanda cheo. Mbrazili katoka kwenye sheria za mfumo mwingine kabisa, wao kila kitu kiko kwenye vitabu vya sheria vilivyoandikwa, kaja kujifunza mkataba wa Kiingereza unavyoandikwa maana mikopo mikubwa na meli na mafuta huko duniani inaandikwa kwa sheria ya Uingereza au ya New York, hata kama wanaouziana hakuna Mwingereza hata mmoja kati yao. Wengine wanaenda Marekani sababu LLM ya kule ikitimiza masharti, krediti 24 na masomo fulani ya lazima, inawafungulia mtihani wa uwakili wa New York. Uingereza siyo hivyo, hilo ulijue, LLM ya London peke yake haikufanyi wakili wa kule, wana mtihani wao mpya tangu 2021 unaitwa SQE na unaweza kuufanya bila hiyo masta. Wengine wanataka kufundisha, vyuo vyetu bila masta unabaki msaidizi. Na wengine, hapa alicheka, wamechoka tu na bosi au na ndoa, mwaka mmoja wa kupumua unaoonekana vizuri kwenye CV. Hao nao siwalaumu.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hilo, tumemaliza. Ila mi naona sicho ulichouliza. Au ndicho, lakini mimi kila nikisoma neno London kwenye meseji yako akili inakwenda kwingine na unajua kwenyewe wapi.

Ulikuwa Loleza bado, kidato cha tano nadhani. Sisi kikundi cha wakulima tulikuwa ndo tumeanza kuvuna parachichi za Hass kwa wingi, ile miche ya kubebesha ambayo babu yako aliisema ni miti ya wazungu haitazaa. Ikazaa. Akaja yule mnunuzi, simtaji, na bei ya kilo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia Rungwe, na mkataba umepigwa chapa vizuri, karatasi nene ile ya kung'aa. Kiingereza mwanzo mwisho. Baba yako katibu, akausoma mbele ya mkutano, akatafsiri bei, akatafsiri tarehe ya kuvuna, akatafsiri nani analeta kreti, watu wakapiga makofi, akasaini. Unaijua ile saini yake yenye mkia.

Tukavuna. Kreti zikapangwa barabarani tangu alfajiri, mvua ya Tukuyu ile isiyokatika, akina mama wamezifunika kwa majani ya migomba, lori likaja likabeba. Wiki zikapita ikaja meseji, matunda hayakukidhi vigezo, mafuta ndani kidogo, watalipa sehemu ndogo tu. Tukauliza hayo yaliyokataliwa yako wapi basi tuyachukue tukayauze hata sokoni Mwanjelwa. Hakuna jibu. Mi mpaka leo naamini yaliliwa, yaliliwa na watu wazuri kabisa huko mbele, na wakayasifia.

Tukachangishana nauli tukaenda kwa wakili Mbeya mjini. Mzee mstaarabu, nilimjua kutoka kazini, alikuwa akisimama hata hakimu anakaa vizuri. Akasoma. Alikuwa analowesha kidole kila ukurasa, tunamwangalia kidole tu. Kufika karibu na mwisho akasimama, akarudi nyuma mstari mmoja, akavua miwani. "Nani kasaini hii?" Baba yako akainua mkono, kama darasani, mwanangu, mtu mzima na koti lake la harusi. Akisoma barua hii atakwambia hakuinua. Aliinua.

Yule mzee akatusomea kwa Kiswahili polepole, kwamba mgogoro wowote utapelekwa kwenye usuluhishi, London, kwa sheria ya Uingereza, kwa lugha ya Kiingereza. Kimya. Mwenyekiti wetu, marehemu sasa, akauliza, "London ipi?" Hakuna aliyecheka. Alikuwa anauliza kweli, alitaka kujua nauli.

Alafu akatueleza. Kwamba kufungua tu hilo shauri ni paundi, msuluhishi analipwa kwa saa, wakili wa kule analipwa kwa saa, na tunachodai sisi wote kwa pamoja hakifiki hata hiyo ada ya mwanzo. Kwamba tukikimbilia mahakama ya hapa, yule bwana atasema mlikubali London, na atasikilizwa. Na kwamba akishinda kule, uamuzi wake unaweza kuja kukaziwa hapa hapa, kuna mkataba wa kimataifa wa New York wa 1958 na Tanzania imo tangu 1964. 1964! Yaani huo mlango tuliufungua wenyewe mi nikiwa sijajua hata kusoma. Mwisho akasema kitu ambacho ndo kilinikaa, akasema, "Mama, mimi nimesoma jinai na ardhi. Hii mimi sijaisoma, na hapa Mbeya simjui aliyeisoma." Hela yetu hakuchukua. Afadhali angechukua.

Njiani kurudi kwenye Coaster baba yako kaushika ule mkataba kwenye mfuko wa rambo magotini, kutoka Uyole mpaka Kiwira hakusema neno. Wewe unapenda kuwaambia watu uliamua kusoma sheria kwa ajili ya zile tamthilia za mahakamani. Sawa. Lakini likizo ile mimi nilikukuta uani na ile karatasi na kamusi, una kalamu nyekundu.

Ndo maana nasema mtu aende na swali lake. Mi hilo nimelisema kwa kaka yako, nimelisema kwa dada zako, nitalisema mpaka mnizike, mtu asiende kusoma mbali kutafuta swali, aende nalo mfukoni. Ukiwa na swali hata mwaka mmoja unatosha. Ukiwa huna, utarudi na picha za theluji.

Ingawa sasa hapo najibishana mwenyewe. Kaka yako si alienda na swali? Ilikuwa enzi ya gesi, visima vya bahari kuu huko Lindi na Mtwara vinagunduliwa tangu 2010, kila mtu anaongea gesi mpaka kwenye mahubiri, na Dundee wana kituo chao cha sheria za nishati na madini tangu 1977, akaona ndo penyewe. Akasoma mikataba ya gesi mpaka ikamtoka puani. Karudi, mradi wa kule Lindi mazungumzo mpaka leo mazungumzo. Yeye yuko Iringa anaandikia watu mikataba ya kuuziana mashamba ya miti Mafinga. Nikataka kusema swali lake lilikauka, pesa ya watu imepotea. Mwenyewe akanikatalia. Anasema kile alichofundishwa kuhusu kampuni inayochimba kwanza na kulipa baadaye ndicho anachokiweka kwenye mkataba wa miti ya milingoti ya mjane wa Mufindi, kwamba msumeno hauingii shambani kabla hela haijaingia benki, na nani anapima mti, na wakibishana wanabishania Mafinga. Nikanyamaza. Huyo kila mara nikitaka kumhurumia ananiharibia.

Na usifikiri ni sisi wa vikundi tu tunaopatikana. Hata serikali. Si unakumbuka ile kampuni ya Canada, Winshear, iliyokuwa na leseni ya dhahabu huku huku kusini-magharibi, leseni zikafutwa 2018, wakafungua kesi kwenye kile kituo cha usuluhishi cha Benki ya Dunia Washington, na 2023 serikali ikakubali kuwalipa dola milioni 30 yaishe. Milioni 30 za dola, mwanangu, kwa udongo ambao ukipanda kilima unakaribia kuuona. Mi sijui nani alikuwa na haki, sikusoma hiyo kesi, ila nilipoisikia redioni nilimwangalia baba yako naye akaniangalia, akaenda kulisha kuku.

Tena 2021 walipobadilisha sheria Kiswahili kikawa lugha ya mahakama nilishangilia peke yangu jikoni, miaka yote niliyokaa pale naona bibi kizee anahukumiwa kwa lugha asiyoijua huku anaitikia ndaga, ndaga, asante ya kwetu. Lakini mkataba wa parachichi wa msimu huu, mpya kabisa, nimeuona kwa jirani. Kiingereza. Nimekwenda moja kwa moja ukurasa wa nyuma. Safari hii siyo London, ni mji mwingine, lakini mbali ni mbali.

Utaniambia mama mbona kusoma hapa hapa kupo. Kupo. Profesa Shivji wa sheria alichukua LLM yake chuo cha LSE huko huko London 1971, lakini udaktari akaja kuuchukulia Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar, 1982 na hakuna anayesema alipungukiwa. Dk. Tulia wetu wa Tukuyu masta yake ya Mlimani, ndo akaenda Cape Town kwa udaktari. Mkenya Willy Mutunga alikuja Dar kusoma LLM, akaja kuwa Jaji Mkuu kwao. Pale Mlimani tangu 2008 kuna kile kituo cha sheria cha Wajerumani wa chuo cha Bayreuth na sisi, wamechukua vijana wa Afrika Mashariki yote na kuwafadhili. Wangekuwa wanafundisha hilo la London kwa kina kama kule, nisingekuwa na la kusema. Labda wanafundisha. Uliza, usiseme mama kasema.

Na usiniambie unaenda ili uonekane. Wewe Law School umeitoka, ile ile ambayo 2022 kwenye mtihani kati ya watu 633 wakapita 26 kwa mkupuo wa kwanza mpaka waziri akaunda kamati chini ya Mwakyembe wa Kyela. Mbele ya nani unataka kuonekana tena?

Sasa unataka niseme nenda au baki. Sisemi. Hapa nilikuwa nimeandika sentensi moja nikaifuta, na baba yako aliyekuwa anachungulia akasema irudishe, nimekataa, maana ukienda kwa sababu nimesema utarudi na swali langu badala ya lako, na mimi langu nimelibeba vya kutosha. Ila kama utakwenda, narudia, kama, basi nimeangalia ile orodha ya masomo uliyotuma. Kuna usuluhishi wa kimataifa, kuna mikataba ya biashara, na kuna mengine yenye majina mazuri marefu. Mi ningekuwa wewe nisingeyagusa hayo mengine. Hilo siyo kusema nenda.

Hela jaribu Chevening, ule ufadhili wa serikali ya Uingereza. Wanalipa ada na ndege na matumizi, wanataka uwe umefanya kazi angalau miaka 2, unayo, na wana sharti kwamba ukimaliza unarudi kwenu miaka 2. Baba yako kalipenda hilo sharti kuliko ufadhili wenyewe. Barua za kukupendekeza usiombe kwa mtu mkubwa asiyekujua, omba kwa yule bosi wako anayekukaripia.

Nitumie hiyo orodha ya masomo kwa ukubwa unaosomeka, hii niliisoma kwa kioo cha babu yako. Na baba yako juzi alisikika akiongea kwenye simu na mtu wa Katumba habari za bei ya ekari. Lile shamba la juu haliuzwi, si kwa ada, si kwa nauli, si kwa koti la baridi, na akikupigia kukwambia tumeshakubaliana ujue hatujakubaliana.

Mama