Insha ya wasifu: mpeleke jikoni kwanza

Mleta mada, umesema binti yako wa kidato cha pili aliandika insha ya wasifu, yaani ya kueleza kitu kilivyo, kuhusu msimu wa korosho, akasema ni "msimu mzuri na wa kupendeza", na mwalimu akamwandikia "haina uhai". Mwalimu yuko sahihi, na dawa ipo. Mimi ilinikuta Newala, mkoani Mtwara, nikiwa na umri kama wake.

Niliandika, "Bibi yangu huchoma korosho tamu sana." Mwalimu akaniuliza, "Tamu kama nini? Embe nalo ni tamu." Nikarudi nyumbani nimenuna. Jioni nikakaa jikoni kwa bibi, nikafumba macho. Korosho ghafi zikaanza kutoa mafuta kwenye bati, chwii, chwii, mara moto ukazishika, bwaa! Moshi ukanikaba koo. Bibi akamwaga mchanga kuuzima moto. Zilipopoa akaanza kubangua: ta, ta, ta, na katikati ya hayo mapigo ya kijiti nikawa nasikia anavyovuta pumzi. Nilipofumbua macho, nikaona vidole vyake. Vyeusi, ngozi imebambuka kwa mafuta ya ganda. Miaka yote hiyo nilikula korosho zile na vidole sijawahi kuvitazama.

Nikaandika vidole. Neno "tamu" sikulihitaji tena.

Kwa hiyo binti asihangaike kuingiza milango yote mitano ya fahamu katika kila aya. Hapo insha hugeuka hesabu ya vitu dukani. Achague ule mlango uliomshtua. Tanakali sauti, yaani maneno yanayoiga sauti kama "chwii", atumie, Kiswahili kimetujalia, ila mbili tatu zinatosha. Na kila anapoona "zuri" au "pendeza", alifute, ajiulize: nilijuaje? Niliona nini, nilinusa nini?

Ladha ndiyo ngumu zaidi, kwa sababu wengi wanaiandika kwa kukumbuka. Mpe bibo, tunda la mkorosho, lililoiva shambani alitafune kabla ya kushika kalamu. Utamu unatangulia, maji yanamchuruzika mpaka kwenye kiwiko, halafu ukakasi unaushika ulimi na kuukausha. Aandike kwa mfuatano huohuo, ulimi ulivyoupokea.

Akimaliza, tuwekee hapa aya yake ya kwanza niisome. Kama ataanzia shambani asubuhi, asiyasahau mabibo yaliyodondoka usiku: nzi, na ule uchachu unaokupokea kabla hujauona mti.