Yamamoto, Mwalimu wa Kurosawa

Swali lenu la wiki hii linatutaka tumtaje mtu aliyemlea mwingine mwanzoni mwa kazi hata akaipenda kazi hiyo maisha yake yote. Ninamtaja Kajiro Yamamoto, mwongozaji wa filamu wa Japani, aliyemlea Akira Kurosawa, ambaye naye alikuja kuwa mwongozaji mashuhuri wa filamu.

Kurosawa alikuwa amejitahidi kuwa mchoraji kabla ya kuajiriwa, mwaka 1936, kama mwongozaji msaidizi katika studio ya P.C.L. mjini Tokyo. Filamu ya kwanza aliyopangiwa ilimchosha kiasi cha kutaka kuacha kazi, lakini wenzake walimsihi abaki, naye akahamishiwa katika kundi la Yamamoto. Huko ndiko alikoipenda filamu.

Yamamoto aliamini kwamba anayetaka kuongoza filamu hana budi kujua kuandika mswada, kwa hiyo alimhimiza Kurosawa aandike, kisha akamfunza kuhariri na kuingiza sauti. Linalonigusa zaidi, hata hivyo, ni jambo ambalo Kurosawa mwenyewe alilisimulia katika kumbukumbu zake: Yamamoto aliwaachia wasaidizi wapige baadhi ya vipande, na hata vilipokuwa hafifu alivibakiza ndani ya filamu, ili baadaye, wakiitazama pamoja katika ukumbi wa sinema, amweleze msaidizi kwa upole jinsi ambavyo kipande kile kingeweza kuwa bora zaidi. Wasomaji wenzangu na wapime uzito wa jambo hilo. Filamu ilitoka kwa jina la Yamamoto, na kasoro za filamu zilihesabiwa kuwa zake, lakini alikuwa radhi kazi yake ipungue ubora ili kijana apate kujifunza. Sijui ukarimu mkubwa zaidi ya huo katika kazi ya sanaa.

Walipotengeneza Uma, filamu ya mwaka 1941 inayomhusu msichana anayelea mwanafarasi, Yamamoto alikuwa na shughuli ya filamu nyingine, na sehemu kubwa ya upigaji picha akamwachia Kurosawa. Mwaka 1943 Kurosawa aliongoza filamu yake ya kwanza, na hakuiacha kazi hiyo kwa miaka 50. Filamu yake ya mwisho, ya mwaka 1993, inamhusu mwalimu mzee na wanafunzi wake wa zamani wanaoendelea kumtunza, nami siwezi kuitazama bila kumfikiria Yamamoto.