Leiothriksi kupauka: tazama chakula kwanza

Ndugu, umeuliza kwa nini leiothriksi wako hapo Malindi, yule ndege mdogo wa tunduni mwenye mdomo mwekundu, anapauka rangi: ni kwa sababu ya kulishwa mtama mtupu. Si kanari huyo, ndege mla mbegu. Asili yake misitu ya milimani, Himalaya hadi kusini mwa China, na chakula chake hasa ni wadudu na matunda. Wekundu wa mdomo na manjano ya koo hutoka kwenye chakula. Manyoya yakishaota yamefifia, subiri anyonyoke tena ndipo uone tofauti. Kila asubuhi mpe papai bivu, yai la kuchemsha lililopondwa na panzi wadogo wawili watatu (wa shamba lililopigwa dawa usiwaguse). Papai litoe kabla ya adhuhuri, joto la kaskazi hulichachusha. Tundu liweke kivulini, mbali na mabati, na maji ya kuoga yenye kina cha sentimita 3, mapya kila siku.