Uzuri wa jengo ni anasa?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Tunajenga zahanati ndogo kwa michango, sasa kwenye kikao cha ramani mwenyekiti kasema hela haitoshi, mambo yote ya uzuri yafutwe, kikubwa paa lisivuje na kuta ziwe imara. Nikabisha ila sikuwa na hoja. Hivi uzuri una kazi gani kwenye jengo?
– Mwanakamati

JIBU: Ndugu yangu, endelea kubisha. Vitruvius, msanifu wa Roma ya kale, miaka 2,000 iliyopita alishaandika kwamba jengo liwe imara, lifae kwa matumizi na lipendeze, vyote vitatu kwa pamoja.

Shida ni kwamba watu wakisikia uzuri wanawaza nakshi na minguzo ya kuonyesha, yaani vitu vya kubandika mwishoni, na hivyo hata mimi nasema vikatwe tu. Uzuri ninaoutetea unaamuliwa kwenye ramani, dirisha likae wapi, dari liwe juu kiasi gani, koridoo iishie kwenye mwanga au kwenye giza, na mara nyingi hauongezi hata senti.

Na kwa vile ni zahanati, mwambie mwenyekiti habari za Paimio kule Ufini, hospitali ya kifua kikuu iliyokamilika 1933. Msanifu wake Alvar Aalto alijiuliza, mtu anayelala chali kutwa nzima anaangalia nini? Dari! Basi dari za vyumba zikapigwa rangi ya kijani iliyotulia, taa zikawekwa pasipomchoma mgonjwa machoni, na hata masinki yalichongwa maji yaanguke bila kelele ili usimwamshe mwenzio wa kitanda cha pili. Hebu niambie hapo matumizi yanaishia wapi na uzuri unaanzia wapi, mimi sipaoni.

Tena mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha utafiti wa hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Wagonjwa walikuwa 46 tu, sio wengi, wote wamepasuliwa kibofu cha nyongo, nusu dirisha lao linatazama miti na nusu linatazama ukuta wa matofali. Wale wa miti waliruhusiwa mapema zaidi na walitumia dawa kali za maumivu kidogo kuliko wenzao!

Kwahiyo kikao kijacho usigombanie marembo. Weka kidole kwenye kila kitanda kilichochorwa halafu muulize mchoraji, huyu akilala hapa anaona nini? Akijibu ukuta, dirisha lihamishwe kabla msingi haujachimbwa.