Hataza ya Marekani: je, fundi wa Kamukunji anaweza kuunda mashine hiyo?

SWALI: Mimi ni fundi wa vyuma hapa Kamukunji. Nimepata mtandaoni hataza ya Marekani ya mashine ya kupukuchua mahindi, na michoro yake yote. Wenzangu wanasema nikiiunda nitashtakiwa. Kama ni hivyo, hataza si imewafungia ujuzi watu kama sisi? – Fundi, Nairobi

JIBU: Ndugu fundi, hataza (patent), yaani haki ya mvumbuzi kuwazuia wengine wasiunde wala kuuza uvumbuzi wake, haivuki mpaka. Iliyosajiliwa Marekani pekee haimzuii mtu kuunda na kuuza mashine hiyo Kenya.

Ila hakikisha kwanza ni Marekani pekee. Ukurasa wa mbele, namba (22) huonyesha tarehe ombi lilipowasilishwa. Kwa sheria yetu ulinzi ni miaka 20. Kama haijaisha, ingiza namba ya hati kwenye Espacenet, tovuti ya kutafutia hataza, bila malipo, kisha fungua orodha ya familia ya hataza, yaani maombi ya uvumbuzi huohuo katika nchi mbalimbali. Tafuta herufi KE, yaani Kenya, na AP, yaani ARIPO, shirika la miliki bunifu la nchi kadhaa za Afrika lililoko Harare, ambalo hataza zake zaweza kuihusu Kenya. Wengi huteleza kwenye herufi WO. Hilo ni ombi lililopitia PCT, mkataba wa kimataifa wa maombi ya hataza, na mwenye ombi ana miezi 30, kuanzia ombi lake la kwanza, kuomba ulinzi Kenya, au 31 kupitia ARIPO. Kutoiona KE leo si kusema haitakuja. Vyovyote iwavyo, omba KIPI, taasisi ya serikali inayosajili hataza Kenya, wakutafutie kwenye daftari lao kabla hujanunua chuma.

Ukikuta iko hai hapa, soma madai (claims) yaliyo mwishoni mwa hati, maana ulinzi umo humo, si kwenye michoro. Kuijaribu kwa utafiti wa kisayansi kunaruhusiwa na kifungu cha 58 cha Sheria ya Miliki ya Viwanda ya 2001, kuiuza, hapana.

Kuhusu kufungia ujuzi, tunaona kinyume: anayetaka hataza hulazimika kueleza uvumbuzi wake kiasi cha fundi mwenzake kuweza kuuunda. Kinachotuumiza sana ni Kiingereza cha mawakili, na vipimo kukosekana. Hati nyingi hazitaji unene wa bati wala kasi ya ngoma, yaani pipa linalozunguka kupukuchua. Hayo utayapata kwa kujaribu: ngoma ikienda kasi mno punje hupasuka, na mahindi mabichi hupondeka, kwa hiyo pimia mahindi yaliyokauka hadi unyevu wa asilimia 13 hivi.

Usiipeleke mashine hiyo kuuzwa Marekani hataza ikiwa hai, wala usiibandike nembo ya kampuni yao. Alama ya biashara ina ulinzi wake mbali.